Efekti Sita na Matuta ya Mama Lusia

Mjinga siku ile nilikuwa mimi. Naliweka hilo mbele mapema, maana nikilichelewesha shemeji yangu Vumilia atanitangulia kulisimulia, na yeye akisimulia huongeza chumvi mpaka mboga hailiki.

Nilikuwa nimetoka Katoro, upande wa Geita. Huko nilimaliza miaka saba maduarani, kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, nikitafuta dhahabu, nikapanda juu na kikohozi, kovu moja la paji la uso, na tabia ya kucheka mambo ambayo wenzangu wanayalilia. Siku hizi nina chumba cha kurekodia nyimbo Shinyanga mjini, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, kwa hiyo waimbaji wangu hurekodi pale tu mpunga unapokwisha. Katoro nilifuata mashine ya midundo, ya mtumba lakini nzima: kisanduku cha chuma chenye ukubwa wa Biblia ya kanisani, vitufe kumi na sita vya mpira vya kugonga kwa vidole, na swichi za kuzungusha zimejipanga juu yake kama meno. Ndani zimo sauti za ngoma, na humohumo zimo efekti sita, za kuipaka sauti rangi bila kuhitaji chombo kingine. Niliipakata kama mtoto mchanga mpaka Didia, kwa mama mkwe wangu, nilikopita kusalimia kabla ya kurudi mjini kwa mke wangu Lusia na mtoto wetu Davis.

Nilikuta nyumba haina raha. Kesho yake ilikuwa zamu ya Mama Lusia. Pale kijijini kuna kikundi cha jembe, watu ishirini na wanne wanaolimiana kwa zamu: leo kwako, kesho kwa mwingine, na mwenye shamba anawalisha. Zamu ikipita imepita. Kuipata tena ni mwezi mzima, na mwezi mzima baadaye mvua ya Februari imeshaaga. Mama Lusia alikuwa na ekari mbili za kupandishia matuta ya viazi. Marando ya kupanda yalikuwa yamekwishakatwa, yamelala chini ya magunia yaliyoloweshwa maji, na rando lililokatwa halimsubiri mtu. Viazi vile ndiyo michembe ya nyumba, vipande vilivyokaushwa vya kuliwa miezi ile ambayo ukifungua ghala unakutana na panya aliyekonda. Mume alishafariki, ng'ombe wa kulimia hana. Alikuwa na siku moja tu, basi.

Na mpiga ngoma wa kikundi, mzee Maige, alikuwa ameanguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa plasta mpaka juu ya kiwiko. Kikundi kina sheria yake: bila ngoma, jembe haliinuki. Usidhani ni ushirikina. Watu ishirini na wanne wakiinua majembe kila mtu kwa wakati wake, saa nne inawakuta wote wamekaa. Ndaki, mkuu wa kikundi, mtu mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe walioko ng'ambo ya bonde, alikuja mchana ule kusema kwa masikitiko kwamba asipopatikana mpigaji mpaka asubuhi, watahamia kwa anayefuata.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angenyamaza. Mkwe akiwa ukweni kazi yake ni kuinamisha macho na kusifia maji ya kunywa. Mimi nikasema ninazo ngoma kumi na sita kwenye begi.

Mama Lusia alikuwa jikoni. Kwa heshima za ukwe hatukuwa tukizungumza ana kwa ana. Maneno yake yalinifikia kupitia kwa Vumilia, kama barua ya wilayani inavyopitia kwa mtendaji. Barua ikaja: mama anauliza kama nina hakika. Nikarudisha jibu kwamba mama asihangaike, alale usingizi. Vumilia akalipeleka huku akinitazama kwa jicho la mtu anayemwona mwenzake akikanyaga tope lililokaukia juu tu.

Mchana uliobaki tuliutumia sebuleni. Mzee Maige aliketi kwenye kigoda, mkono wa plasta mapajani, na kwa vidole vya mkono wa kushoto akagonga vitufe. Aligonga mdundo wa kulimia: pigo zito, halafu jingine dogo, jepesi, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa, halafu zito tena. Mashine ikaukamata na kuanza kuurudia yenyewe. Mzee akarudi nyuma kidogo, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa na asiyemjua.

Nikasema mdundo ni mzuri ila mkavu, karanga bila chumvi. Nikasogeza spika ndogo mezani, nikaanza kuzijaribu efekti moja moja na kuzitolea maksi juu ya kumi, kama msimamizi wa mtihani wa taifa.

Ya kwanza inaipepesua sauti. Ngoma ikawa inapigwa ndani ya pipa linalobingirika mlimani. Tatu. Ya pili inaikwaruza, inatoka kama turubai linalochanika. Hiyo niliipenda, lakini ng'ombe wawili wa jirani waliokuwa wamefungwa nje walinyanyuka kwa pamoja, Vumilia akasema hao ndio majaji waliosoma, ikapata nne. Filta ilinichekesha. Ukiizungusha inakata ukali wa sauti kidogo kidogo mpaka ngoma inasikika kama iko kijiji cha pili. Nikamwuliza mzee, nani ananunua mashine ya ngoma ili aisikie kwa mbali? Mbili, na hizo mbili ni za huruma. Eko, inayorudisha kila pigo mara mbili tatu likififia, nikaipa nane. Kompresa, inayoyabana mapigo yote yawe na nguvu sawa, nane na nusu. Maduarani kompresa ndiyo iliyotupulizia hewa tuliokuwa chini, na mtu aliyewahi kupuliziwa hewa akiwa chini ya ardhi hawezi kukibania maksi kitu chenye jina hilo.

Tisa niliupa ukumbi. Hiyo ndiyo efekti inayoifanya sauti ijae kana kwamba imepigwa ndani ya jengo kubwa. Chini ya bati la Mama Lusia, ngoma ya mzee Maige iligeuka ya kanisa kuu siku ya Pasaka. Nilifumba macho. Nilipofumbua, Vumilia alikuwa amesimama mlangoni na beseni la dagaa.

"Shemeji, kwani shambani kuna bati?"

Nikamwambia shambani kuna mbingu, ambayo ni bati kubwa zaidi. Mzee Maige akauliza taratibu kama mashine inaweza kupiga bila rangi yoyote. Nikamjibu kwamba inaweza, hata harusini mtu anaweza kwenda na kandambili.

Asubuhi saa kumi na mbili na nusu kikundi kilikuwa shambani. Spika kubwa ya kuchaji niliyoiazima kwa kwaya ya kanisa niliiweka kwenye toroli pembeni mwa shamba, mashine juu yake, na mimi nyuma yake na miwani ya jua wakati jua lenyewe halijamaliza kutoka. Watu wakajipanga mstari mmoja mrefu, kila mmoja na tuta lake mbele: unapiga jembe, unavuta udongo upande wa kushoto, unapiga, unavuta. Salamu za asubuhi za Kisukuma zikapita, mwangaluka huku, mwangaluka kule. Ndaki akanikumbusha sheria nyingine, ambayo jana yake alikuwa hajanitajia: ngoma ikikatika mara tatu kazini, majembe yanapanda mabegani na kikundi kinaondoka. Wenye zamu za mbele nao wanasubiri.

Nikawasha, na ukumbi wangu wa maksi tisa.

Waliokuwa karibu na toroli walipiga jembe kwenye pigo lenyewe. Wa katikati walipiga kwenye mvumo wake. Wa mwisho kule kwenye mti wa mnyonyo, ncha ya pili ya mstari, sijui walikuwa wanapiga kwenye nini, maana kilichowafikia ni ngurumo tupu isiyo na mwanzo wala mwisho. Mstari ukapinda kama nyoka aliyekanyagwa mkia. Huyu anavuta udongo wakati mwenzake bado ameinama, udongo unamwangukia miguuni. Yule naye anageuka kutukana, anachelewa pigo linalofuata, anammwagia wa tatu. Ndani ya robo saa palikuwa na watu wanne wanaotema udongo na mmoja anayedai ametemewa kwa makusudi kwa sababu ya ugomvi wa mpaka. Ndaki akainua mkono. Nikazima.

"Moja," akasema.

Sikutulia pale nilipokuwa. Nilikuwa nazunguka toroli kama kuku anayetafuta pa kutagia, nikigusa swichi hii na kuiacha, nikitazama jua, nikitazama magunia yaliyofunika marando. Akili za maduarani zikaniambia hivi: ndoo ya kwanza huwafikia walio karibu, walio mbali wapelekee ya pili. Kwa hiyo wa mwisho wanahitaji pigo la pili, na eko inalo. Nikazima ukumbi, nikaweka eko, nikajiona profesa.

Ndugu yangu, ikanoga. Mapigo yalirudi yakikimbizana, na mabega ya watu yakaanza kujibu yenyewe. Vijana wa upande wa kulia waliongeza kijimguu kati ya pigo na pigo. Mama mmoja aitwaye Paskalina, ambaye wanasema hajawahi kutanguliwa na mtu kwenye tuta, akazungusha jembe hewani kabla ya kulishusha. Bodaboda mbili zikasimama barabarani, abiria wakashuka kutazama. Hata Ndaki niliona shingo yake ikienda. Nusu saa nzima nilikuwa mtu mkubwa Didia.

Kisha Vumilia akapita nyuma ya mstari na ndoo ya maji, akatazama chini, akaja moja kwa moja kwangu. Ishirini na wanne wote walikuwa wamesonga urefu wa mkeka mmoja tu.

"Mama anauliza," akasema, kwa sauti ya kuwatosha wote, "hili ni shamba au kuna mtu anaoa?"

Watu walicheka, Ndaki hakucheka. Akainua mkono. Mbili.

Sasa nikaanza kusikia moyo wangu kuliko spika. Saa mbili na nusu jua lilikuwa limeshaanza kuuma. Upande wa mashariki kulikuwa na wingu moja ambalo lilionekana kama linakuja, halafu kama linaondoka, na mimi nikawa nalitazama kila dakika kana kwamba nina hisa humo. Nilimwona Mama Lusia ametoka mpaka ukingo wa shamba. Alifunua gunia, akainua rando moja, akalitazama jani lake lilivyoinama, akalirudisha, akanyunyiza maji kwa kiganja. Hakutazama upande wangu. Ningefurahi zaidi kama angenitukana.

Nikaiweka kompresa. Hiyo niliamini kabisa. Kila pigo likatoka na nguvu zilezile, la kwanza na la mwisho, mpaka yule wa kwenye mnyonyo akapunga mkono kuonyesha anasikia. Na kweli, majembe yakashuka pamoja. Pu! Pu! Pu! Udongo ukapanda, matuta yakaanza kunyooka, mstari ukasonga kama askari. Nikavua miwani ili kila mtu auone uso wangu. Nikamwambia mzee Maige, aliyekuwa amekaa kwenye kichuguu, kwamba hiyo ndiyo teknolojia. Yeye alikuwa anatazama vifua vya watu.

Baada ya muda mfupi mtu wa kwanza alisimama akashika kiuno. Halafu wawili. Halafu Paskalina, yule asiyetanguliwa, akaweka jembe chini, akaketi juu ya tuta lake mwenyewe, mdomo wazi. Ngoma iliendelea kugonga palepale, pu pu pu, kama mtu anayedai kufunguliwa mlango, na majembe yakawa yanashuka moja moja, ovyo, mpaka yakaacha kabisa. Sikuzima mimi. Ndaki alikuja mwenyewe akabonyeza kitufe, wala hakutamka tatu. Alipandisha tu jembe begani, na nyuma yake yakapanda mengine, moja baada ya jingine.

Mzee Maige akanijia akitembea polepole.

"Lile pigo dogo umelifanyaje?"

"Nimelipa nguvu, mzee. Sasa yote yanasikika."

"Kwenye lile ndipo watu wanapovuta pumzi. Umewaziba pua."

Nilisimama pale na akili yangu yote ya vyumba vya kurekodia. Miaka saba chini ya ardhi nilikuwa nimeishi kwa pumzi ya kupuliziwa, halafu nimekuja kuwanyang'anya watu pumzi juu ya ardhi, mchana kweupe, shambani kwa mama mkwe. Nikamkimbilia Ndaki, nikachuchumaa mbele yake kwenye udongo, nikamwomba asamehe hesabu. Alinijibu bila hasira, na hilo ndilo liliniumiza: hesabu si yake, ni ya kikundi, akimsamehe mgeni leo, kesho kila mwenye shamba ataleta mkwe wake na redio. Wakaanza kuondoka. Walipita karibu na magunia ya marando, na kila aliyepita aligeuza uso pembeni, kwa sababu walimpenda yule mama.

Nyuma yangu nikasikia swichi zinapigwa, tak, tak, tak. Mzee Maige, kwa mkono wa kushoto, alikuwa anazima efekti zote. Aliponiuliza ni kipi kinaanzisha, nilimwonyesha kwa kidole.

Mdundo ukatoka mkavu kama alivyougonga sebuleni. Zito. Jepesi. Zito. Ilikuwa kama mtu aliyevuliwa makoti sita na kumbe ndani yake yumo mzima. Waliokuwa njiani hawakugeuka, lakini niliona bega la Paskalina limeshuka kidogo kwenye lile zito na kuinuka kwenye lile jepesi, bila yeye kuamua.

"Ndaki," mzee akaita, "iliyokatika mara tatu ni ngoma ya mkwe. Hii ni yangu. Imekatika mara ngapi?"

Ndaki akasimama. Alimtazama mzee, akaitazama mashine, akawatazama watu wake. Sheria zina mlango wa nyuma kama nyumba nyingine zote, ila lazima aufungue mwenyeji. Akasema haijakatika hata mara moja. Akarudi kwenye tuta lake.

Basi kazi ikaenda. Lakini baada ya saa moja mstari ukaanza kulegea, si kwa kukosa pumzi, kwa kukosa hamu. Kila tuta lilivyosonga mbele, toroli lilibaki nyuma, na watu wakawa wanageuza vichwa kuitafuta ngoma mgongoni. Mzee akasema ngoma imekaa, na ngoma ya kulimia haikai. Hapo nikakumbuka wapiga ngoma wote niliowahi kuwaona mashambani, wanavyotembea kinyumenyume mbele ya mstari, wanasogea mbali, wanarudi karibu, wanawachokoza wenye majembe wawafuate. Kwetu Ushirombo pia nilikuwa nimewaona. Siku zote nilidhani wanajionyesha kwa wasichana.

Toroli lilihitaji mtu wa kulivuta kinyumenyume kwenye udongo uliovurugwa, mbele ya watu ishirini na wanne wanaokufuata na majembe. Sitaji jina lake. Alikuwa na miwani ya jua mfukoni.

Nililivuta mpaka viganja vikatoka malengelenge. Gurudumu lilizama kila hatua tatu. Mzee Maige alitembea ubavuni, mkono wa kushoto juu ya mashine, akitazama majembe, na kila jua lilivyopanda alipunguza mwendo wa mdundo kidogo, kidogo sana, mpaka huwezi kusema ni lini umepungua. Mashine yangu haikujua kama watu wanachoka. Kidole chake kilijua. Lakini toroli halikuweza kwenda mbali na kurudi kama miguu ya mtu. Mimi mwenyewe nilikuwa nakaribia kulala ndani yake. Mzee akaniuliza iko wapi ile niliyoipa mbili.

Nikamwonyesha filta. Akaizungusha taratibu. Ngoma ikaanza kuondoka, kana kwamba mpigaji ameondoka nayo kuelekea ng'ambo ya shamba, inafifia, inakuwa kitu cha kutega sikio, na mstari mzima ukainama kuifuata, majembe yakifukuzana nayo. Walipokaribia mwisho wa matuta akaifungua, ikawarudia yote usoni, kavu na kali, na watu wakapiga pigo la mwisho kwa kelele ya furaha. Wakageuka, wakaanza safu nyingine. Mchana wote alikuwa anaondoka nayo na kurudi nayo vile, akiwa palepale ubavuni mwangu.

Saa kumi matuta ya ekari mbili yalikuwa yamelala sambamba, na wanawake wakipita nyuma wakichomeka marando, mawili mawili, wakikandamiza kwa kisigino. Lile wingu la mashariki hatimaye liliamua kuja, likatudondoshea manyunyu ya kusafishia uso tu, lakini Mama Lusia aliinua kichwa akayapokea kama mtu anayepokea mgeni aliyemtarajia.

Chakula kililiwa uwanjani. Ugali, kuku, mlenda, maziwa ya mgando. Mama Lusia alipakua mwenyewe, mtu mmoja mmoja. Mzee Maige aliletewa kijiko kwa ajili ya mkono wake. Na mimi, badala ya kula nikashukuru kwamba sijafukuzwa ukweni, nikaona tumbo limepata joto na ulimi umepona. Nikatangaza kwamba nimesahihisha upya mtihani: filta, kutoka mbili mpaka tisa na nusu. Vijana wakapinga, wakasema eko ilikuwa tamu na ikitengewa siku yake ya ngoma itawamaliza watu. Mmoja akaitetea ile ya kukwaruza ambayo hata hakuisikia. Ndaki akasema zote sifuri, kazi ameifanya Maige. Nikamwambia Maige ana mkono mmoja, wa pili ulikuwa mashine, na bila filta mstari ungelala saa tano, na kama wana akili kikundi kingenunua mashine kama ile kabla mzee hajavuliwa plasta. Hapo mzee Maige aliacha kutafuna kidogo, akatazama kijiko chake, akaendelea. Ndaki akaweka tonge chini. Sauti zikapanda, kila mtu akawa na efekti yake na sababu zake, na mimi katikati nikichochea moto maana ndiyo kazi niliyozaliwa nayo.

Mwisho nikasema tusibishane, mwenye shamba yupo. Nikamgeukia Vumilia, nikamwomba amwulize mama, kwa heshima zote, kati ya vyote vilivyomo kwenye kile kisanduku, kipi hasa kilichompandishia matuta yake.

Vumilia akafungua mdomo kuupeleka ujumbe. Mama yake akamzuia kwa mkono. Akaweka mwiko juu ya sufuria, akanitazama mimi usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nimwoe mwanawe.

"Baba Davis, kila aliyenilimia leo ana sahani mkononi. Ya mashine yako iko wapi?"